Funguo za Kituo cha Chaji

Mtu akikuambia Tabora tuna kituo cha kuchajia vyombo vya umeme, usimbishie. Tunacho. Kimesimama ubavuni mwa kituo cha mafuta, ndani ya wavu wenye kufuli. Siku ya kukizindua nilipiga makofi hadi viganja vikawaka moto, maana nilikuwa nimetoka kununua bajaji ya umeme nikadhani wamenijengea mimi. Mjinga ni mimi.

Asubuhi aliyofariki baba mdogo, huko Sikonge, mtaani kwetu umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Bajaji ilikuwa na chaji ya kwenda sokoni na kurudi, basi. Nikampakia shangazi, dada yake marehemu, ambaye miguu imemgomea na ngazi za basi haziwezi tena, tukaenda kujaza chaji. Maziko yalikuwa baada ya sala ya adhuhuri. Kwetu wanawake hawafiki makaburini. Wanamuaga maiti nyumbani, anafunuliwa uso, kisha jeneza linatoka na wanaume. Shangazi alikuwa na nafasi hiyo moja tu ya kumuona mdogo wake. Alikuwa amefunga kichupa cha marashi kwenye pindo la kanga, amnyunyizie kwa mkono wake.

"Shikamoo, bibi," mlinzi alimsalimu. "Funguo anazo meneja. Yuko njiani, anakuja sasa hivi."

"Marahaba, baba. Tutamngoja."

Nikamuuliza kwa nini wafunge kitu cha umma. Akasema wasipofunga, watu watachajia simu.

Tukaingoja hiyo sasa hivi. Kila nilipotaka kukodi bajaji ya petroli, mlinzi alipiga simu mbele yangu, na meneja akajibu kwamba yuko hapo kona. Nani anaondoka wakati mwenye funguo yuko kona? Kumbe kona yenyewe ilikuwa Nzega, harusini. Mlinzi akanifariji eti haraka haraka haina baraka. Nilimchukia mtu yule, na hadi leo sijaacha.

Jua lilipokuwa kali niliitelekeza bajaji yangu pale, nikakodi ya petroli. Njiani shangazi alipiga simu nyumbani kwa marehemu akaomba wamngojee kidogo.

"Tumekungoja sana, dada," sauti ilimjibu. "Maiti hacheleweshwi. Jeneza limeshatoka."

Hakulia. Alishikilia pindo lake la kanga hadi Sikonge.

Tulikuta wanaume wameshatoka makaburini, wananawa udongo mikononi. Shangazi aliomba aingizwe chumba alichooshewa marehemu. Kile kishimo walichochimba kupokea maji ya kumuoshea kilikuwa kimeshafukiwa, ila udongo ulikuwa bado na unyevu. Nikamshusha chini taratibu. Akafungua kichupa akamimina marashi yote pale, akausawazisha udongo kwa kiganja kama anayemlaza mtoto.

Siku ya pili nilifuata bajaji yangu. Wavu ulikuwa wazi. Meneja alinipa mkono, akasema tujivunie, si kila mji una kituo kama hiki. Nikachaji, kwa sababu sikuwa na pa kwenda kwingine, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wageni waliokuja kumpa pole shangazi walimuuliza kama walau alimuona mdogo wake.

"Nimeuona udongo aliooshewa," aliwajibu. "Ulikuwa haujakauka."