Wadhamini wa Wasifu Wangu

Nilikuwa mpiga taipu katika kampuni ya vitambaa ya Mhindi mmoja mjini Kampala, mpaka serikali ya wanajeshi ilipowafukuza Wahindi. Duka akapewa askari mmoja. Aliuza vitambaa vilivyokuwemo, rafu zikabaki tupu, akafunga mlango, nasi tukarudi nyumbani.

Tulikaa Kisenyi, nyuma ya gereji, mimi na mama. Mama alikuwa amekimbia vita Kongo akanileta Uganda nikiwa mdogo. Kati yetu tulizungumza Kiswahili, na siku hizo majirani walinyamaza wakitusikia, maana hiyo ndiyo lugha ambayo kwayo askari walikuwa wakiwafokea watu barabarani.

Jirani mmoja hakunyamaza. Alikuwa mtu wa makamo kutoka kaskazini, alikotoka rais aliyepinduliwa, aliyefanya kazi miaka mingi katika wizara, kwenye ofisi ya kuajiri. Kazi yake ilikuwa kusoma maombi ya watu. Aliachishwa kwa sababu ya kule alikozaliwa, akawarudisha mke na watoto kijijini, akabaki peke yake. Mama alimpelekea chakula, na akamweleza kwamba natafuta kazi. Siku moja alimwambia, "Mwambie binti alete huo wasifu wake niuone."

Nilimpelekea kurasa nilizoandika kwa mkono. Alisoma zote, kisha akaniuliza, "Binti yangu, anayesoma hii ana rundo mezani. Kwa nini unamsimulia shule ya msingi?"

"Nilidhani atataka kunijua, Mzee."

"Anataka kujua utamfanyia nini. Anza na taipu na hatimkato. Halafu kazi uliyoifanya. Iwe ukurasa mmoja. Na hapa, 'naomba kwa unyenyekevu mkubwa,' futa. Huombi sadaka."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu duka lifungwe.

Mahali nilipozaliwa alipatazama sana. "Usidanganye," akasema, "lakini hapa paache." Jina la kampuni tukaliacha pia, nikaandika tu "kampuni ya vitambaa". Kiswahili kilimtatiza zaidi. Tungekiandika, mkubwa wa ofisi angeweza kuniogopa, akidhani ni mtu wa askari. Mwishowe tukakifuta.

Tukafika kwa wadhamini, watu wawili au watatu wa kunishuhudia. Meneja wangu alikuwa ameshapanda ndege. Mtawa aliyenifundisha taipu alikuwa amerudi kwao Ulaya. Padri wetu alikuwepo, tukamwandika. Karani mkuu wa kampuni alitoka kwake asubuhi moja na mke wake bado alikuwa anamtafuta.

"Niandike mimi," akasema jirani.

"Mzee, si wamekufukuza?"

"Barua zangu za sifa ninazo. Na mtu mmoja hatoshi, wataona huna watu."

Nikamwandika, jina na mahali anapokaa. Padri alinikopesha mashine yake, nikapiga nakala safi, nikazunguka nazo Nakasero ofisi hadi ofisi. Ofisi moja tu iliniita.

Mkubwa mpya wa pale alikuwa kapteni, amevaa magwanda. Alichukua ule ukurasa akaweka kikombe cha chai juu yake.

"Wewe najua Swahili?"

"Ndiyo, afande."

"Muzuri! Hawa wengine hapa nasema Kiingereza tu, kama nadharau mimi." Akanywa chai. "Nani natuma wewe?"

"Hakuna, afande. Nimekuja kwa maombi."

Hapo ndipo alipoondoa kikombe na kusoma. Hakuanza juu. Alianza chini, kwenye majina. Kidole kikasimama kwenye jina la jirani yangu, jina ambalo mtu yeyote angejua ni la kaskazini.

"Huyu iko wapi sasa?"

"Alihama, afande. Sijui alikoenda."

"Wewe naandika mtu hujui iko wapi?"

Aliukunja ukurasa akautia katika mfuko wa shati, akaniambia watanipasha habari.

Nilirudi kwa miguu, njia za mzunguko, nikigeuka nyuma kila mara. Jirani alikuwa anafua shati uani. Nilipomweleza, alikamua lile shati taratibu, akalianika, akaingia ndani. Baadaye akamwita mama na kumpa sufuria zake. Mimi aliniambia, "Jina langu sasa litoe. Acha la padri peke yake." Kulipokucha hakuwepo, na shati lilikuwa bado bichi kwenye kamba.

Watu wawili wenye miwani ya jua walikuja na gari kumuulizia. Mama aliwajibu kwa Kiswahili kwamba alihama zamani. Walivunja mlango, wakakuta kitanda, wakaondoka. Hatukupata habari zake tena, wala hatukujua kijiji chake ili tumwulizie mke wake.

Niliendelea kupeleka maombi, mdhamini mmoja chini ya ukurasa. Hayakujibiwa. Padri naye alipohamishwa, nikaacha, nikaenda sokoni Kalerwe kuuza nyanya na mama.

Siku moja mwenzangu wa kule dukani, tuliyekuwa tukipiga taipu meza moja, alisimama mbele ya fungu langu.

"Bado hujapata?"

"Bado. Na wewe?"

Alitikisa kichwa, akainama kuchagua nyanya zilizoiva sana, zile tunazowauzia watu wasio na cha kuchagua, nami nikamfungia kwenye jani la mgomba.