Mtoto wa Jicho

Asubuhi moja niliondoka Bukoba kwa basi bila mpango, nikashuka Nshamba nilipoona mkutano. Wanakijiji walikuwa wakipanga hospitali ya macho itakayofundisha vijana wao kutibu. Kwa udadisi nilikaa benchi la wageni, walipotarajiwa kukaa madaktari. Bibi mmoja akanipa kahawa ya kutafuna, ya kukaribishia wageni, nikapokea kana kwamba ni mimi waliyemngoja.

"Daktari, mtoto wa jicho wangu mtamtoa lini?" bibi aliniuliza.

Sikujua kuwa huo ni ugonjwa; nilidhani anasema mtoto wake, na badala ya kukana udaktari nikajibu, "Mlete tumwone, bibi."

Watu waliangua kicheko. "Yumo humo jichoni, daktari! Ndiye anayemziba asione!"

Uso uliniwaka. "Mimi ni mpita njia tu."

Bibi hakucheka. "Kumbe bado sitaona," alisema.

Kisha akauliza ningelala wapi. Alinipa chumba cha mwanawe, nami nikashindwa kumtazama usoni.