Wasifu wa Mtu Aliye Hai

Mabasi ya asubuhi yameshaondoka katika stendi ya Nyegezi jijini Mwanza, na Leonsia Muganyizi anafuta vumbi kwenye kompyuta yake kwa pindo la kitenge. Duka ni la stesheneri, jembamba kama ujia. Mbele ipo mashine ya kutoa nakala. Nyuma, ukutani, ipo meza yake ya kuchapa.

Kijana aliyefunga kitambaa cheusi mkononi anaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba. Umeleta wasifu?"

Kijana anatazama chini. Anataka nakala ya kibali cha mazishi tu.

"Wasifu tutachapa mjini," anasema. "Nimeelekezwa huko."

Leonsia anaitikia kwa kichwa.

Kwa miaka mingi, familia zenye msiba kuanzia hapa hadi Misungwi zilimletea yeye karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Alizigeuza kuwa wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, ameacha watoto gani. Wasifu husomwa mbele ya kaburi, watu wote wakiwa wamesimama. Mtoto aliyesomwa ametambuliwa na ukoo. Ambaye hakusomwa, kila mtu hurudi nyumbani akijiuliza.

Leonsia, mzaliwa wa Kamachumu mkoani Kagera, alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la kisomo huko Pasiansi.

"Niliandika jina langu kwa mara ya kwanza nikiwa na watoto wawili," anasema. "Ndiyo maana jina la mtu silichezei."

Kompyuta yake hutumia programu huria ya ofisi, ile isiyouzwa, inayotengenezwa na watu wa nchi mbalimbali, wengi wao wakijitolea. Mwenye duka, Masalu, aliichagua kwa sababu ile ya kulipia ilimshinda bei. Leonsia aliipenda.

"Ni kama kisima cha kijiji. Unachota, hakuna anayekuuliza wewe ni wa nani."

Mwaka jana lilikuja toleo jipya, na kisima kikaingia tope. Alipohifadhi wasifu na kuufungua tena, picha ya marehemu ilihama juu ya ukurasa na kutua popote ilipotaka.

Hilo alilijua baada ya mazishi ya mzee Mayala, kule Misungwi. Alikuwa amemaliza kuchapa umeme ulipokatika. Uliporudi, ndugu walikuwa mlangoni na gari la jeneza linanguruma nje. Akafungua, akatoa karatasi, akawakabidhi. Picha ya mzee ilikuwa imekaa juu ya mstari wa mwisho wa majina ya watoto.

Mstari huo ulikuwa wa Tereza, binti wa mke mdogo. Alisimama kando ya kaburi, shada la maua mkononi, akingoja jina lake. Msomaji alipita. Kaka zake walitazamana, wakamwacha msomaji aendelee. Tangu siku hiyo, linapozuka jambo la shamba la baba yao, humjibu kwamba wasifu ulishasema.

Leonsia alikwenda Misungwi kuomba radhi.

"Nilimwambia, mwanangu, ni mashine. Akanijibu, 'Mashine yako haikuwa na baba, mama. Mimi nilikuwa naye.'"

Programu hiyo ina ukurasa wa wazi mtandaoni ambapo mtumiaji yeyote huweza kueleza hitilafu, na watengenezaji wakajadiliana naye. Leonsia aliandika kwa Kiswahili, mtambo wa tafsiri ukageuza. Aliyejibu alijiita Tomas. Alitaka faili lenyewe lenye hitilafu. Bila hilo, alisema, hawezi kutafuta asichokiona.

Hapo ndipo njia ilipofungwa. Faili likiwekwa pale, dunia nzima hulisoma. Leonsia hakuwa tayari.

"Wasifu ni mali ya wafiwa," anasema. "Maradhi ya mtu, wake zake, wanawe. Mimi nimeazimwa tu niuchape."

Tomas hakumlazimisha. Alimshauri aandike maneno yoyote ya kubuni. Leonsia akajaza ukurasa kwa alfabeti, akaweka picha ya ua. Ua lilitulia mahali pake kama mtoto mtundu mbele ya wageni. Alijaribu tena na tena, likatulia; hitilafu ilijitokeza kwenye wasifu wa kweli tu. Mwishowe taarifa yake ilifungwa: hitilafu haikuthibitika.

Wakati huo huo wateja walipungua. Zamani aliweza kuchapa wasifu mbili tatu kwa wiki. Sasa mwezi hupita bila hata mmoja. Masalu amempa hadi mwisho wa mwezi huu, kisha meza itatolewa, iwekwe friji ya soda.

"Mama Sharon namheshimu," anasema Masalu, akimwita Leonsia kwa jina la mwanawe. "Lakini mteja wa msiba hasahau."

Ndipo Leonsia akakumbuka kwamba yupo mtu mmoja ambaye wasifu wake hauhitaji idhini ya mfiwa yeyote. Akaketi, akaanza kuchapa: Marehemu Leonsia Muganyizi alizaliwa Kamachumu.

Queen, binti anayetoa nakala, aliusoma begani kwake, akapiga ukelele.

"Mama Sharon! Unajichuria! Futa!"

"Nyamaza, Queen. Niletee simu yako unipige picha."

"Picha ya maiti nipige mimi? Sipigi!"

"Ya mtu mzima anayekuomba. Piga, nami nicheke kidogo."

Queen akapiga, huku akikemea pepo. Leonsia akaweka picha, akapanga majina ya wanawe: Prudencia, Alexander, Sharon. Akahifadhi, akafunga, akafungua tena.

Uso wake mwenyewe, unaotabasamu, ulikuwa umekaa juu ya jina la Sharon.

"Nililia," anasema. "Nilikuwa nautafuta huo ubovu, lakini nilipouona nililia."

Akalituma faili. Jibu la Tomas lilianza kwa pole kwa familia ya marehemu, kisha likauliza nani atafuatilia taarifa hiyo baada yake.

"Ni mimi," Leonsia alimwandikia. "Bado nipo."

Tomas aliomba radhi. Kwenye kompyuta yake pia, alisema, picha ilikuwa imehama. Ila mtu aliyeielewa sehemu hiyo ya programu alikwisha kuacha kujitolea, na wengine wana kazi zao. Huenda irekebishwe katika toleo la mwakani; huenda hata hapo isirekebishwe. Taarifa sasa inasomeka: imethibitishwa, hajapatikana wa kuishughulikia.

Meza ikiondolewa, Leonsia anakusudia kuendelea kufuatilia kwa simu ya Queen. Familia ya mzee Mayala itajengea kaburi baada ya mavuno, na siku hiyo wasifu husomwa upya. Anaomba hitilafu iwe imekwisha, ili auchape mwenyewe, bila malipo, na aupeleke Misungwi kwa mkono wake. Kama kaka zake Tereza watakubali kuupokea, hajui.

Asubuhi hii, kabla ya mteja mwingine kuingia, anafungua faili lake. Anaikamata picha kwa kipanya, anairudisha juu, mahali pake. Sharon anaonekana. Anahifadhi, anafunga, anangoja kidogo, anafungua.

"Bado nimemfunika," anasema, na kuishika tena ile picha.