Mikongo Arobaini na Mmoja ya Madale

Apolonia alikuwa ameichapa miti mia tatu na kumi na miwili kabla hajauona hata mmoja. Kila Julai bahasha ya kaki ilifika mezani kwake katika ofisi ya utafiti wa misitu, katikati ya jiji, na ndani yake daftari la mzee mmoja wa Madale aitwaye Marijani. Daftari lilikuwa na namba ya kila mti, jina la mti, na unene wa shina kwa sentimita. Mzee alizungusha utepe kwenye shina, usawa wa kifua, akaandika alichokiona. Apolonia alichapa namba hizo nakala tatu kwa karatasi ya kaboni. Basi.

Alikuwa Mhaya wa Bukoba, aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1974 na cheti cha kupiga chapa. Mumewe alikwenda Mwanza kikazi akapata maisha mengine hukohuko, na mtoto hawakujaliwa. Apolonia alibaki katika chumba chake cha kupanga Mwananyamala, mwanamke wa maneno machache ambaye barua yenye kosa haikutoka mezani kwake, hata kama kosa ni la mkubwa wa ofisi.

Mwaka 1990 bahasha ilichelewa mpaka Novemba. Alipolinganisha namba na za mwaka uliotangulia, akasimamisha vidole. Miti kumi na minne ilikuwa imepungua unene. Mkongo namba 88, mti wa mbao ngumu, ulikuwa umepoteza karibu nusu sentimita.

"Huyo mzee anabahatisha," alisema mkubwa wake bila kuinua macho. "Weka namba ya mwaka jana, tuendelee."

Apolonia hakuweka. Jumamosi alipata nafasi kwenye pikapu iliyokuwa inarudi Tegeta na magunia matupu, kisha akapanda vilima kwa miguu mpaka Madale, viatu vya ofisini mkononi.

Alimkuta Marijani uani anachonga mpini wa jembe. Mkewe, Bi Tunu, alikuwa anaambua kunde.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Mimi ndiye ninayechapa namba zako."

"Marahaba!" Marijani alisimama, akamtazama toka kichwani hadi miguuni. "Kumbe wewe ndiye karani! Mie miaka yote nilidhani ni mwanamume mwenye miwani."

Apolonia alimweleza kilichomleta. Mzee hakukasirika. Alichukua utepe, akamwongoza msituni hadi mbele ya mkongo wenye kibati cha namba 88, akampa ncha ya utepe aishike. Walipima mara tatu. Namba ikawa ileile ya daftarini.

"Mti ukikosa maji hujibana," alisema Marijani. "Sie hupima Juni, masika ikishamwaga. Mwaka huu mlituambia mafuta ya gari la kutuletea daftari hakuna, tusubiri, tukasubiri mpaka Oktoba na jua lote lile. Masika ikirudi utaujaza mwili wake. Mti haukukosea, na mie sikukosea. Mwezi ndio uliokosewa."

Apolonia aliona haya. Aliandika maelezo hayo yote, na Jumatatu akayachapa chini ya ukurasa kwa herufi kubwa, kwamba tangu sasa miti ipimwe Juni tu, gari liwepo lisiwepo.

Jumamosi ile hakuachiwa aondoke na njaa. Bi Tunu alipakua ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, akakaa kumtazama mgeni anavyohangaika nao.

"Kwenu mnakula nini, mwanangu?"

"Ndizi, mama."

"Asubuhi ndizi, na jioni?"

"Ndizi."

Bi Tunu alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Wakawa watu wa kutembeleana. Apolonia alipoletewa senene kutoka nyumbani, aliwapelekea kopo zima. Bi Tunu alilisukuma mbali kwa kidole. "Panzi? Sie huku hatuli panzi." Marijani alisema panzi ni halali, akalimaliza peke yake.

Mwaka 1994 ofisi nyingi za serikali zilipunguza watu, na jina la Apolonia likawa kwenye orodha. Upimaji wa Madale nao ukasimamishwa. Alimwomba mkubwa wake nakala za kaboni za miti ile, maana zilikuwa zinakwenda stoo kuliwa na mchwa, naye akamruhusu. Kwa kiinua mgongo chake alinunua mashine kuukuu ya kupiga chapa, akaiweka kibarazani Mwananyamala, akawa anawachapia watu barua za kuomba kazi. Wateja hawakukosekana. Siku zile nusu ya mtaa ilikuwa inatafuta kazi.

Marijani naye hakuwa akilipwa tena. Hata hivyo Juni 1995 alimtumia daftari kwa mkono wa muuza mihogo aliyekuwa anapeleka mzigo Mabibo, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Apolonia alilifungua jioni, baada ya mteja wa mwisho, akawa anachapa kwa furaha mpaka alipofika ukurasa wa pili.

Mkongo namba 12 mwaka uliopita ulikuwa umeongezeka milimita tisa. Safari hii tena milimita tisa. Namba 13, saba na saba. Namba 31, kumi na moja na kumi na moja. Akapitia yote. Kila mti ulikuwa umeongezeka sawasawa na mwaka uliopita, bila kupishana hata milimita. Miti haikui hivyo, na hilo alilijua kwa kuwa alikuwa ameisindikiza miaka saba. Kisha akauona mwandiko. Herufi zilikuwa zimekuwa kubwa, zinapanda juu ya mistari kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

Alitoa karatasi kwenye mashine, akaifunika.

Hakupata nafasi ya kwenda Madale mpaka Agosti. Hakusema lolote kuhusu daftari. Baada ya chakula alisema, "Mzee, nimechoka kuchapa vitu nisivyovijua. Nifundishe kupima. Wewe shika utepe, mie nisome."

Bi Tunu aliinamisha uso juu ya ungo. Marijani akasimama.

Msituni alitembea mbele bila kujikwaa, maana njia ile miguu yake iliijua. Alifika kwenye kila mti bila kutafuta kibati, akazungusha utepe kwa mikono yake mizito, akasubiri Apolonia asome. Kwenye mti wa tatu aliuachia utepe ukaanguka majanini.

"Umejua," alisema.

"Nimejua."

"Namba ndizo zilizokwambia?"

"Ndizo, mzee. Hukukosea hesabu hata moja. Ndiyo maana nikajua."

Marijani aliegemea shina. "Ni mtoto wa jicho, yote mawili. Nilianza kuona ukungu mwaka juzi. Nikasema utapita. Juni nimefika hapa, mistari ya utepe siioni, nikasema Marijani, ukikosa kupeleka daftari mwaka mmoja huyu binti atadhani umekufa. Basi namba za mwaka uliopita ninazo zote kichwani. Nikaongeza." Akainama kuutafuta utepe majanini. "Mie sijapata kukudanganya, Polonia. Ni mwaka huu tu."

"Najua."

"Utaandika nini?"

Kupima upya wasingeweza. Agosti ilikuwa kavu, na wote wawili walikumbuka somo la Oktoba ile. "Nitauacha mwaka mtupu," Apolonia alisema.

"Sababu usiiandike."

"Siiandiki."

Waliporudi, Bi Tunu alimmiminia mumewe chai, akamshika mkono, akauongoza mpaka kwenye kikombe. Alifanya hivyo haraka, na Apolonia akatambua kwamba alikuwa amefanya hivyo kwa muda mrefu.

Juni 1996 walipima pamoja siku nne, Marijani anazungusha, Apolonia anasoma na kuandika. Mwezi uliofuata akaja Godlisten, mfanyabiashara wa mbao. Jiji lilikuwa linajengwa kila upande, na milango ya mkongo ilikuwa inagombewa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja na barua zake zote, akaongea kwa adabu. Alitaka kukata kila mkongo wenye unene wa sentimita mia na hamsini au zaidi katika msitu wa kijiji, na aliahidi kuezeka shule.

Mkutano ulifanyika darasani, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti wa kijiji, Twalib, alimpa nafasi Godlisten kwanza.

"Wazee wangu, msiogope," alisema Godlisten. "Mti ni kama nywele. Nikate leo, baada ya miaka ishirini mnayo mingine."

Twalib akamwita Apolonia. Alisimama na karatasi zake. Maisha yake yote alikuwa amechapa maneno ya watu wengine.

"Mimi si mtaalamu," alianza. "Ni karani. Lakini miti hii imepimwa tangu mwaka themanini na nane. Ndani ya viwanja sita vya upimaji ipo mikongo arobaini na mmoja. Kila mmoja huongezeka kama sentimita moja kwa mwaka, pengine pungufu. Wenye sentimita sitini leo, kufika mia na hamsini, utahitaji miaka tisini. Si ishirini."

Darasa lilinong'ona.

"Tena," akaendelea, "iliyokaribia kufika, iliyobakiza chini ya sentimita kumi, ni minne tu. Viwanja hivyo ni sehemu ya kumi ya msitu, kwa hiyo msitu mzima tuseme una arobaini ya namna hiyo. Itafika ndani ya miaka kumi. Arobaini kwa miaka kumi ni minne kwa mwaka. Mkikata minne kila mwaka, mingine minne inaingia nafasi yake. Mkikata yote leo, wajukuu wenu hawatakuta mkongo."

Godlisten aliomba kuziona karatasi. Alizipitia taratibu, maana naye alijua hesabu, kisha akainua moja juu.

"Mama, mwaka tisini na tano uko mtupu. Mbona? Kama mwaka mmoja umepotea, nitajuaje mingine haikutungwa nyumbani?"

Watu wote walimgeukia Apolonia. Jibu alikuwa nalo, lakini alikuwa ameahidi. Mwenyekiti akakohoa.

Nyuma ya darasa dawati lililia. Marijani alikuwa anasimama, mkono mmoja begani kwa mkewe.

"Mwaka huo ni wangu," alisema. "Macho yaliniacha, nikaona haya kusema. Nikaandika namba za kichwani. Huyu binti hakuniona hata mara moja napapasa. Alikuwa Mwananyamala, na bado alinigundua, kwa kuzisoma tu. Mwaka wa uongo akaufuta. Sasa mnataka kujua kama miaka iliyobaki ni ya kweli? Aliyeukamata uongo wangu ndiye aliyeichapa."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu alisogea kwenye dawati ili mzee akae vizuri. Godlisten alizikunja karatasi kwa uangalifu, akamrudishia Apolonia kwa mikono miwili.

Kijiji kilijadiliana wiki mbili, na si wote waliofurahi, maana bati za shule zilikuwa zinatamanika kweli. Mwishowe wakakubaliana: mikongo minne kwa mwaka, na ile mikubwa inayoangusha mbegu isiguswe. Godlisten aliondoka amenuna. Mwaka uliofuata alirudi kuinunua hiyo minne, na akailipia vizuri.

Si kila kitu kilinusurika. Upande wa kuelekea Tegeta wachoma mkaa waliingia bila kuuliza mtu, na viwanja viwili vikaisha, mikongo kumi na mitatu pamoja navyo. Apolonia aliwekea kila mmoja mstari, kwa wino mwekundu, akaandika tarehe. Alilia siku hiyo.

Bi Tunu, aliyekuwa anamsihi mumewe aende hospitali, ndiye aliyeshinda kuhusu macho. Baada ya mkutano aibu ya mzee ilikuwa imekwisha, kwa hiyo kisingizio hakikuwepo tena. Mwanzoni mwa 1997 Marijani alipasuliwa jicho la kulia, akalala chumbani kwa Apolonia siku tano, huku wanawake wale wawili wakilala kwenye mkeka. Asubuhi bandeji ilipotolewa alimtazama mkewe kwa muda.

"Tunu, umeota mvi."

"Na wewe ulidhani unaishi na nani?" alijibu Bi Tunu, akageukia ukutani ili asionekane uso.

Mwaka huo huo Apolonia alipewa kipande cha ardhi nyuma ya ua wao Madale, akajenga vyumba viwili vya udongo. Mashine ya kupiga chapa aliihamishia huko, na wanawake wanne wa kijiji wakajifunza kwake kusoma utepe na kujaza daftari.

Mvua za 1998 zilikuwa nyingi ajabu; zilibomoa barabara na kuozesha mihogo shambani. Juni ilipofika waliingia msituni wote, ardhi bado inazama chini ya miguu. Mkongo wa kwanza ulikuwa umeongezeka karibu sentimita mbili. Apolonia alisoma, akasoma tena, akamwomba Marijani athibitishe kwa jicho lake jipya. Aliinama mpaka pua ikagusa utepe.

"Moja na nane," alisema. "Andika."

Akaandika, wakasogea kwenye mti uliofuata.