Fundo Hukaguliwa na Asiyekupenda

Asubuhi ile wifi yake alipolipiga fundo la kamba yake vikofi viwili vya upole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale, Kijiti alihisi baridi ikimshuka mgongoni. Miaka yote wifi yule alikuwa akilivuta fundo lake kwa nguvu za mtu anayeng'oa jino la adui. Alilizungusha, alilinusa, aliingiza ukucha kati ya kamba na kamba kutafuta aibu. Leo vikofi viwili tu, basi. Kisha akasema, "Nenda salama, mdogo wangu."

Kijiti akaupanda ukuta wa kwanza. Mgongoni, ndani ya mbeleko ya ngozi, binti yake mdogo alikuwa akichezea nywele za kisogo cha mama yake na kuimba wimbo usio na maneno.

Wao ni watu wa ukutani. Huzaliwa ukutani, huoana, hugombana na kuzeekea hapo hapo. Juu kabisa hakuna aliyepaona, na wanaofika chini kabisa hawarudi kusimulia. Nyumba zao ni vyumba vya ngozi vinavyoning'inia kwenye vigingi, na barabara yao ni mbao nyembamba zilizolazwa toka mlango hadi mlango. Wakikutana wawili, mmoja lazima aukumbatie mwamba ili mwenzake apite. Chemchemi za chini zikikauka, hukunja vyumba, hung'oa mbao, huwatia mbuzi kwenye nyavu na kuhamia juu, kutoka ukingo hadi ukingo; mvua zikirudi, hushuka tena kwa kuta hizo hizo. Wanaume hutangulia kugonga vigingi na kutandaza kamba kuu. Wengine hufuata wawili wawili, kila mtu na fundo lake. Na hakuna anayeinua mguu kabla fundo lake halijakaguliwa na mtu asiyempenda.

Kwingine watu husema ukipenda, chongo utaita kengeza, wakacheka. Hawa hawacheki. Mama hulitazama fundo la mwanawe akaona anachotamani kuona. Mume hulitazama la mkewe huku mawazo yakiwa kwenye shingo yake. Adui ndiye mwenye macho. Yeye huitafuta kasoro kwa hamu, na akiipata huitangaza kwa sauti, ukingo mzima ujue ulivyo mzembe. Na ili chuki isipitilize, mkaguzi na mkaguliwa hupanda wakiwa wamefungwa kamba moja. Mmoja akianguka, amekwenda na mwenzake.

Kijiti aliitwa hivyo tangu utotoni kwa sababu ya wembamba wake. Shangazi yake, aliyemlea, alikuwa mshona mikanda, akamrithisha sindano za mfupa, nta, na desturi ya kulainisha kano za mbuzi mdomoni kabla ya kuzishonea. Mpaka leo mdomo wa Kijiti una ladha ya kano. Chumba chake cha kazi ni kidogo kuliko vyote, kimejaa vipande vya ngozi vilivyotundikwa kama popo, na mteja hukaa mlangoni miguu ikining'inia nje, juu ya ukungu, akipiga soga huku mkanda wake ukishonwa.

Siku ya harusi yake aliropoka. Aliulizwa na mashoga anamwonaje dada wa mumewe akipanda, akajibu, "Kama gunia la maharagwe lililopewa miguu." Wifi alikuwa nyuma yake. Yule mwanamke mnene, mwenye mikono ya kusukuma mlango wa jabali, alimtazama toka utosini hadi nyayoni. Mama mkwe, kizee chenye ulimi wa upupu, akapiga makofi kwa furaha.

"Haya! Nilikuwa sipati usingizi, nani atamkagua mkwe wangu. Mkaguzi ndiye huyo. Na wewe, mkwe, utamkagua yeye. Mchukiane vizuri, wanangu."

Wakachukiana vizuri. Waliviziana kwenye mbao, wakasengenyana kwenye chemchemi, wakapandishana kuta zote salama.

Kisha Kijiti akajifungua, na masika yale homa ikamlaza. Maziwa yakakauka. Mumewe alikuwa mbali, pamoja na wagonga vigingi wenzake, wakichonga vigingi. Aliyeingia mlangoni na bakuli la uji alikuwa wifi.

"Kunywa," alisema. "Usije ukafa nikakosa wa kumsema."

Akaja na kesho yake. Akaja kila siku. Akamwogesha mtoto, akayacheka masikio yake yaliyochomoza kama mishikio ya chungu, masikio ya baba yake hasa, kaka yake wifi. Walicheka mpaka chumba kikayumba kwenye kigingi chake. Wifi alimsimulia habari za marehemu mumewe, jambo ambalo hakuwa amemsimulia mtu. Mvua zilipokatika, Kijiti alijikuta anatega sikio kusikia mbao zikilia kwa uzito wa zile nyayo, na moyo wake unafurahi.

Sheria iko wazi. Waliopatana husimama mbele ya wote kabla ya kigingi cha kwanza kugongwa, wakasema tumepatana, wakapewa wakaguzi wengine. Kigingi kikishagongwa, hakuna kubadili mpaka juu. Kijiti alikaa kimya. Alijiambia wifi bado ana akiba ya nyongo. Tena nani mwingine angemkagua? Aliwashonea mikanda watu wote, na ni vigumu kumchukia mtu aliyekushikia roho yako kwa sindano. Wifi naye alikaa kimya, kwa sababu zake.

Sasa vile vikofi viwili vilikuwa vimekwisha kupigwa.

Ukuta wa kwanza ulikuwa na ngazi za asili, hata mbuzi angeupanda. Walifika ukingo wa pili salama, wakalala hapo. Lakini juu ya ukingo ule kulikuwa na Kipara. Kipara ni mwamba laini uliojitokeza nje kama paji la uso, hauna pa kuweka kidole, na anayeupanda huning'inia kwa kamba yake tu, mgongo ukiwa umelielekea shimo. Hapo ndipo mume wa wifi alipoangukia. Alikuwa amepatana na mkaguzi wake kimyakimya, kwenye kibuyu cha pombe. Mkaguzi alilitazama fundo akaona rafiki. Walianguka wote wawili, na wifi akasikia kelele zao zikipungua, zikipungua, mpaka zikawa kama za ndege.

Kesho yake Kijiti aliamka akiutazama mwamba ule. Aliwaza kumwita mumewe, lakini alikuwa juu na nyundo yake. Aliwaza kumwambia mama mkwe, lakini kigingi kilishagongwa. Aliitazama foleni ya watu waliokwisha kufungana, kila mmoja akitukanwa na mkaguzi wake kwa raha zake, akawaonea wivu.

"We mgongo wa fisi, hili ni fundo au kinyesi cha mbuzi?"

"Vuta, vuta, ndilo litakalokuzika!"

Walikuwa salama, wale.

Wifi akaja, pumzi zikimtoka. "Umelala?"

"Kidogo."

"Hata mimi. Hapa huwa silali." Akatabasamu. "Haya, lete fundo lako."

Kijiti aliuona mkono ukinyanyuka. Ulikuwa umenyooka, kiganja wazi, tayari kwa vikofi. Mgongoni mtoto alimwona shangazi yake, akacheka na kunyoosha mikono kumshika pua, kama alivyozoea. Kijiti akafungua mdomo.

"Mumeo hakuanguka hapa."

"Unasemaje?"

"Hakuanguka. Aliachia." Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine. "Alichoka kulala chumba kimoja na wewe, akaachia. Kila mtu anajua. Hata shimo aliliona afadhali."

Kwenye foleni watu wakageuka. Mtu mmoja akakohoa. Mkono wa wifi ulibaki hewani, na usoni mwake Kijiti aliona kitu kikifungwa, kama mlango wa ngozi unavyofungwa kamba upepo ukija. Macho yaliyokuwa na unyevu yakakauka. Yakawa madogo.

"Geuka," wifi alisema.

Akageuka. Fundo likavutwa mpaka mbavu zikalia. Ukucha ukapenya kati ya kamba na kamba. Mkanda ukapinduliwa, ukapigwa, ukanuswa. Mikono ile mikubwa ikapanda kwenye mbeleko, ikashika mshipi wa bega la kulia, ikauvuta. Ikashika wa kushoto, ikauvuta.

Kikasikika kitu kidogo, kama mtu anayechana mchicha.

"Hii nini?"

Kijiti akautazama mwamba.

"Nakuuliza, fundi. Hii nini? Uzi wa sufu?" Wifi alipaza sauti mpaka mwisho wa ukingo. "Jamani njooni mwone! Mshona mikanda wetu! Ametushonea sote kwa kano, mwanawe kamshonea kwa manyoya!"

Ilikuwa kweli. Kano humkwaruza mtoto begani. Alijaribu mara ya kwanza, binti akalia, pakatoka wekundu. Usiku akazifumua kano, akashona kwa uzi laini, akaukunja mara mbili, akajiambia unatosha. Mteja angeomba vile, Kijiti angemtupia sindano. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Methali hiyo aliwahi kuwaambia akina mama wangapi?

Ndipo wifi akamwinamia sikioni. "Niliuona jana. Unasikia? Niliuona jana ule uzi. Nikasema, ah, yeye ndiye fundi, anajua."

Kijiti akageuza shingo, na wote wawili wakayatazama masikio ya mtoto yaliyochomoza nje ya mbeleko, na nyuma ya masikio yale, ukungu.

Walikaa chini. Wifi akampakata mtoto bila kumtazama. Kijiti akatia kano mdomoni, lakini mate yalikuwa yamemkauka, akatafuna kama anayetafuna kamba. Sindano ilimchoma vidole. Toka nyuma ya foleni mama mkwe akapiga kelele, "Nyie! Mnafunga fundo au mnafunga ndoa? Jua halina subira!" Watu wakacheka, kwa kuwa hawakuwa wamesikia yale ya sikioni. Mbeleko ilipovaliwa tena, kano zikamgusa mtoto begani, akaangua kilio. Kijiti aliacha alie.

"Sasa mimi," alisema wifi, akampa mgongo.

Hilo Kijiti hakuwa amelifikiria. Alizishika kamba za yule mwanamke, na kupitia machozi akaona kamba moja ikiwa mbili, na fundo likiwa ua. Hakuwa amempenda mtu duniani kama alivyompenda huyu wakati huu. Macho yake hayakufaa kitu. Angeweza kuona nyufa akaziita nakshi.

"Umeona?" aliuliza wifi.

"Sioni," Kijiti alinong'ona. "Wifi, sioni kitu."

Kisha wifi akasema, bila kugeuka, kwa sauti ya kusikika na wote:

"Huyo mtoto wako hana hata ukucha wa kaka yangu. Tunakusitiri tu. Kila mwanaume uliyemshonea mkanda, ulimpa na kitu kingine."

Damu ikampanda Kijiti hadi machoni. Aliwaona watu wakigeuza nyuso. Alimwona mama mkwe amefumba mdomo, jambo lisilowahi kutokea. Hasira ikaja moto, ikayakausha machozi, na katika moto huo akaiona kamba ilivyo, uzi kwa uzi, mahali ilipochakaa na mahali ilipo nzima. Akalivuta fundo kwa mikono miwili, mguu ameukandamiza kwenye kiuno cha wifi, mpaka wifi akaguna. Lilikuwa fundo zuri.

"Limekaza," alisema. "Bahati mbaya."

Wakapanda. Ya Kipara hayasimuliki kwa urefu. Mtu huning'inia, kamba hulia, na dunia yote hubaki kuwa vidole. Mtoto alilia njia nzima. Nyuma yake Kijiti alisikia pumzi nzito za wifi, na kila zilipokatika kidogo, roho yake ilikatika nazo. Kamba ilicheza mara moja, wote wakasimama, wakasubiri. Ikatulia. Hapakuwa na aliyemwambia mwenzake pole.

Kwenye ukingo wa juu ya Kipara mbao zikalazwa, vyumba vikatundikwa. Wifi akatundika chake mwisho kabisa, ng'ambo ya mbuzi. Jioni mumewe Kijiti alimuuliza, "Mna nini na dada?" Akajibu, "Hatupendani, hujui?" Akamtazama binti yake akilala, mishikio ya chungu ile huku na huku ya kichwa, akashangaa ni kipofu gani angeyaamini maneno yale. Na wifi hakuwa kipofu. Basi aliyasema kwa nini? Akazitegea sikio zile mbao. Hazikulia.

Asubuhi kulikuwa na ukuta mwingine. Wifi alikuja, akasimama nyuma yake, akalivuta fundo kwa nguvu za mtu anayeng'oa jino. Maumivu yakampenya Kijiti hadi kifuani, akayapokea kama maji. Hakuthubutu kuinua macho. Aliogopa kukuta chuki, na aliogopa zaidi kutoikuta.

Mtoto alinyoosha mkono kutafuta pua ya shangazi yake. Wifi akarudisha kichwa nyuma.

"Mtulize mwanao," alisema. "Na simama vizuri. Sijamaliza."