Aliyeniita Mara Mbili

Nilikuwa nakwenda Ukerewe kumwomba radhi mwanamke mzee ambaye, kwa kadiri nilivyoamini, hakujua kwamba nimemkosea. Mkoba wangu ulikuwa na kilo mbili za sukari, kanga mpya na sabuni, vitu ambavyo mtu hubeba akienda kumwona mgonjwa. Nilikuwa pia na sentensi moja niliyoifanyia mazoezi kutoka Musoma hadi Bunda, na kutoka Bunda hadi Kisorya: Mama, usiku ule nilikusikia.

Kisorya wakatuambia kivuko hakiondoki. Ziwa lilikuwa limechafuka tangu mchana, na kufika jioni mvua ilikuwa inakuja imelazwa na upepo, huwezi kuona hata gati. Wenye ndugu pale wakaenda kwa ndugu zao. Nyumba mbili za wageni nilizoulizia zilikuwa zimejaa, kwa hiyo nikabaki kwenye mgahawa wa bati wa mama mmoja mpole, pamoja na wanaume wawili waliokwama kama mimi. Umeme ulikatika kabla hatujamaliza kula.

Nieleze kwanza lile lililokuwa linanipeleka Ukerewe, maana usiku ule pale mgahawani nililisimulia vibaya.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimepanga Buhare, pale Musoma, kwenye ua wenye vyumba vitatu: kimoja changu, kimoja mwenye nyumba amejaza saruji yake, na kimoja alikuwa anakaa jirani yangu, huyo mwanamke mzee. Umri wangu umeshapita ule ambao watu wanakuuliza utaolewa lini. Sasa hawaulizi tena, na kutoulizwa nako kunauma, sitadanganya. Shuleni naitwa Madam, dukani Madam, hata muuza mkaa ananiita Madam. Mwaka ule mama yangu alikuwa amefariki nyumbani Butiama, na kwa kufa kwake lile jina langu la nyumbani, nililopewa nikiwa mchanga, nikadhani limezikwa naye. Mjini hakuna aliyelijua.

Jirani yangu aliletwa pale na mwanawe ili awe karibu na hospitali, kwa sababu ya presha. Alikuwa mpweke na alipenda mazungumzo. Ukimsalimia asubuhi unachelewa kazini. Atakuuliza umeamkaje, umelalaje, umeota nini, halafu atakueleza yeye alichoota, na ndoto zake zilikuwa ndefu. Nilijifunza kuvua viatu nikifika getini, nikapita ua mzima kwa kunyata ili asitoke. Mtu mzima, mwalimu wa watu, nanyata kama mwizi wa kuku. Na yeye akipika maharage ananifunikia bakuli na kuliacha mlangoni kwangu.

Wiki ya usiku ule shangazi yangu alikuja kutoka Butiama kunitazama. Akaniita uani kwa jina la nyumbani. Jirani akalisikia, akacheka, akasema, "Jina zuri hivyo, unalificha la nini?" Mimi nikacheka tu, nikaingia ndani.

Siku tatu baadaye ilinyesha mvua kubwa, na katikati ya usiku nikaitwa kwa jina lile, kutoka nje.

Kwetu tunafundishwa tangu utotoni: ukiitwa usiku usiitike. Subiri. Mtu hai ataita mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Kisicho mtu hakifiki mara ya tatu. Mama yangu alinifundisha hivyo, na nikiwa msichana nilishawahi kumwacha mjomba wangu analoa mlangoni mpaka alipofikisha idadi yake, na hakuna aliyenigombeza. Basi nikalala kimya, nasubiri. Niliitwa mara mbili. Ya tatu haikuja.

Asubuhi nilimkuta jirani yangu karibu na bomba, kwenye tope, upande wake mmoja umekufa. Alikuwa ametoka kwenda chooni, kiharusi kikampiga hapo. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani nikapata bajaji. Daktari alisema amekaa pale saa nyingi. Mwanawe alipokuja kumchukua ampeleke kwake Ukerewe alinishika mikono yote miwili akalia, akasema bila mimi angemzika mama yake. Baadaye akanitumia sato watatu wakubwa waliokaushwa. Niliwala.

Hiyo ndiyo safari yangu. Sasa turudi Kisorya.

Mvua ya namna ile, watu wasiojuana, giza: lazima zianze hadithi za kutisha. Aliyeanza alikuwa mfanyabiashara wa dagaa kutoka Bunda, Mwislamu, mtu wa kofia safi na maneno mengi. Alituambia jinsi zamani alivyokuwa analala ufukweni kulinda dagaa wake walioanikwa.

"Nilikuwaga sina hata kibanda," alisema. "Nimejilaza kwenye jiwe. Naamka, nasikia mtu anang'oa majani hapa, pembeni ya kichwa. Kiboko! Yuko upande wa nchi kavu, mimi niko upande wa maji. Mnajua ukimzibia njia ya maji?"

Tulijua. Kila mtu wa ziwani ana jamaa aliyemzibia kiboko njia na hakurudi nyumbani.

"Sikuhema. Kikohozi kinanipanda, nakimeza. Amekula pale mpaka adhana ya alfajiri. Alipoingia majini alinipita hapa, maji ya mwili wake yakanidondokea." Akajigusa shavu. "Tangu siku hiyo, mimi na dagaa ni mchana tu."

Tukacheka, ingawa hakuna aliyecheka kwa nguvu. Wa pili alikuwa mkulima wa upande wa Butiama, mtu wa makamo mwenye rozari shingoni, na yeye alisimulia taratibu kama anayehesabu ng'ombe. Alikuwa anatoka mnadani peke yake, giza limeingia na mvua imeanza. Akasikia nyayo nyuma yake. Akiongeza mwendo, nazo zinaongeza. Akisimama, zinasimama.

"Nikasema leo nimekwisha. Nikachomoa panga, nikageuka, nikapiga kelele. Na huko nyuma nasikia kelele nyingine. Ni mtu! Jirani yangu wa mlima wa pili. Yeye anasema alikuwa ananifuata mimi ili asitembee peke yake, ila aliogopa kuniita, asije akawa ameita kitu kingine."

"Mngekatana!" mwenye dagaa akapiga paja lake.

"Tungekatana kabisa," alisema mkulima. "Na tungezikwa wote siku moja, wafiwa wale wale."

Kisha wakanigeukia. Mwenye dagaa akasema, "Na wewe mwalimu? Usituambie Musoma hakuna kitu."

Ningeweza kusema sina. Lakini nilikuwa sijaongea na watu wazima jioni nzima kwa muda mrefu mno, na watu wakinyamaza kukusubiri wewe useme, ni utamu nisioujua siku nyingi. Nikawasimulia. Niliwaambia kuhusu mvua ya Buhare, mama yangu aliyekufa, na jina ambalo hakuna mtu mjini aliyelijua. Niliiigiza ile sauti. Niliwaambia iliita mara ya kwanza, ikaita mara ya pili, nikasubiri. Nikanyamaza pale, jinsi ninavyonyamaza darasani nikitaka watoto wasogee, na nikaona hata mwenye mgahawa ameacha kufuta sufuria.

"Haikuita tena," nikasema.

Mwenye dagaa akavuta pumzi. Mkulima akajifanyia ishara ya msalaba.

"Umefanya la maana sana, dada," alisema. "Ungeitika ungemfuata mama yako. Huyo alikuja kukuchukua."

"Na wewe una roho ngumu," mwenye dagaa akaongeza. "Wengine wangefungua."

Walinisifu mpaka wakachoka, wakalala kwenye mabenchi. Mimi sikulala, ila niseme kweli: nilifarijika. Nilikaa gizani nikiipenda hadithi yangu. Ndani yake hakukuwa na mwanamke kwenye tope. Kulikuwa na binti aliyemkumbuka mama yake na akatii mafundisho. Kufika alfajiri nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba sina haja ya kwenda Ukerewe. Sukari ningeituma kwa mtu. Mgonjwa asiyejua kitu, kwa nini nimbebeshe?

Mvua ilikatika, wanaume wakatoka kuangalia kivuko. Mwenye mgahawa alikuwa anawasha moto wa chai, na kuni zilikuwa mbichi, zinatoa moshi tu. Bila kuinua kichwa akaniuliza, "Na asubuhi yake?"

"Asubuhi ipi?"

"Ya huko kwako. Ulipotoka nje hukukuta kitu? Maana mtu akikuita usiku na mvua, mimi ningeangalia. Labda alikuwa na shida."

Nikamwambia mvua ilikuwa imefuta kila kitu. Akaitikia "haya," akanimiminia chai. Hakunisuta, hakuwa hata anasubiri jibu, alikuwa na kuni zake. Lakini chai ile ilinishinda. Nilichukua mkoba nikaenda kupanga foleni ya kivuko.

Ukerewe nilimkuta jirani yangu amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba ya mwanawe, ameegemezwa mto. Alikuwa amepungua. Mkwewe alinipokea kwa vigelegele, akaniita mkombozi wao, akamwambia, "Mama, amekuja yule aliyekuokoa," kisha akaenda jikoni kutupikia. Nikampa shikamoo. Akaitikia kwa upande mmoja wa mdomo, taratibu, na yeye alikuwa mtu wa kuongea kama mvua! Ilibidi sasa kila neno alitafute. Hapo nikaona nikingoja nitatoroka, nikaisema sentensi yangu.

"Mama, usiku ule nilikusikia."

Akanitazama.

"Najua," akasema. Akapumzika. "Uliwasha tochi. Dirishani. Nikasema, anakuja." Akapumzika tena. "Halafu ukazima."

Hilo la tochi sikuwaambia wale wa Kisorya, na hata hapa nilipokuwa naandika nimeliruka. Niliwasha tochi ya simu baada ya mara ya kwanza. Mara ya pili iliponiita niliitambua sauti, kwa sababu ilifuatiwa na kikohozi chake nilichokuwa nakisikia kila alfajiri ukutani. Nikafikiri: amepatwa na ndoto, anataka kunisimulia, na kesho nina zamu. Nikazima ili ajue nimelala. Ile hesabu ya mara tatu nilianza kuihesabu baadaye, gizani, ili niwe na kitu cha kuniruhusu nisiamke. Mama yangu hayumo kabisa katika habari hii. Nilimtumia tu.

Nililia, na machozi yale nusu yake yalikuwa aibu. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mwanawe, kwa nini aliniacha nishukuriwe na nile samaki wao.

Kutoka jikoni tulisikia mafuta yanalia kwenye kikaango.

"Ningewaambia," akasema, "wangekukataza kuja. Nani mwingine ningemngoja?"

Mkwewe akatoka na ndoo na jagi la maji ya kunawa, akiuliza kwa furaha kama nitalala au nitarudi na kivuko cha jioni. Nikasema nitalala.