Jina Kwenye Kadi ya Gari

Kichwa changu hakikushika shule, kilishika majina. Baba alinitoa darasa la tatu nikalee wadogo zangu, na tangu hapo kusoma kwangu ni kwa kubahatisha na kuandika ndiko huku mnakokuona. Lakini kila mtu aliyewahi kukaa jirani nasi katika kambi ya polisi, nalijua jina lake, la baba yake, na lile la utani. Hapa sitaandika hata moja. Wenyewe wako hai, wana simu, na nimechoka kupigiwa. Isitoshe, jina ndilo lililoniponza katika mambo haya.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee, ni mtu mzima wa miaka arobaini na mitano. Ana kazi ya ofisini, ana watoto watatu, na kitambi kimeanza. Mwaka huu akaamua kutafuta gari la mbio. Si jipya. Gari kuukuu la Kijapani, milango miwili, rangi ya bluu inayobanduka, na nyuma limewekewa bawa pana kama ubao wa kupigia pasi. Nikamuuliza binti yangu, gari hilo ni la kwenda wapi?

"Haliendi mahali, Mama. Ni la kukimbiza uwanjani."

Kumbe kuna uwanja nje ya mji ambako wanaume hukutana Jumapili, wakazunguka na magari yao, wakazunguka tena, kisha wakasimama palepale walipoanzia na kupongezana. Nikamwambia hata mbuzi aliyefungwa kamba hufanya hivyo, wala hanunuliwi mafuta.

Hayo ningemwachia mwenyewe. Kila mtu na wazimu wake. Lakini ili apate hilo gari, alikuwa anatoa lile la nyumbani, la viti vinane. Kubadilishana tu, gari kwa gari. Na hapo ndipo lilipoanza kunihusu.

Mimi niliolewa na Mganda, na mama mkwe wangu alinifundisha adabu ya nyumba yao nikaishika kuliko wenyewe. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani mikono. Hawakai kiti kimoja, hawapishani kwenye mlango mwembamba, hawagusani hata kwa ncha ya nguo. Huzungumza, ndiyo, lakini kwa mbali. Katika gari la viti vinane hilo halikuwa tatizo. Yeye mbele kwenye usukani, mimi nyuma kabisa dirishani, na safu nzima ya viti kati yetu. Hivyo ndivyo nilivyokwenda kliniki kwa ajili ya goti langu, na kwenye mazishi, na kwenye harusi. Sasa hili la bluu lina viti viwili tu, tena vimebanana. Cha nyuma kimeng'olewa ili gari liwe jepesi. Mimi ningekaa wapi? Juu ya lile bawa?

Binti yangu naye hakulitaka. Anauza vitenge sokoni Kikuubo, na gari la viti vinane ndilo lililobeba mizigo yake. Lakini hakutaka kumkatalia mumewe waziwazi. Asubuhi ile ya Jumatano, kabla hatujaondoka, akaniegemea sikioni.

"Mama, mkitoka kliniki atapitia Kisenyi kwa dalali mwenye lile la bluu. Kadi ya gari lile ina matatizo. Jina lililoandikwa ni la mtu wa kwanza, na waliolinunua baadaye hakuna aliyebadilisha. Mume wangu amesema bila kadi halali habadilishani, na mwisho ni Ijumaa. Wewe kaa kimya tu. Acha lishindikane lenyewe."

"Mimi nina neno gani la kusema?" nikamjibu.

Basi, tulipotoka kliniki tukaingia Kisenyi, kwenye gereji moja ambapo magari yamesimama yakigusana kama viatu mlangoni. Mkwe wangu akashuka. Mimi nikabaki nyuma kabisa, kioo nimekiteremsha kwa sababu ya joto. Lile la bluu lilikuwa mbele yangu. Wakaliwasha, likatoa sauti kama mtu anayesukutua koo. Mkwe wangu akafumba macho akilisikiliza. Mtu na akili zake!

Wakafika kwenye karatasi. Dalali akatoa kadi, akaivuta mbali na uso, akasoma jina. Akalivuruga. Pa L akaweka R, na jina la ukoo la kike akalifanya la kiume.

"Huyu bwana hapatikani," akasema. "Yuko Ulaya. Wengine wanasema alikufa. Lakini ssebo, bwana mkubwa, hapa Kampala nani anajali kadi? Endesha tu."

"Mimi najali," mkwe wangu akasema. "Uwanjani hawaandikishi gari lisilo na jina lako. Hapatikani, basi nabaki na langu."

Akaanza kurudi. Mkono wake ulikwisha kushika mlango wetu. Nilichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo, kazi ambayo hata kuku anaiweza akilala.

Lakini yule dalali akaendelea kulirudia jina vile vibaya, akiwaambia mafundi, "Bwana fulani, bwana fulani," na kila akilisema nilihisi kama mtu ananivuta sikio. Nikatoa kichwa dirishani.

"Si bwana!" nikasema. "Ni mwanamke. Baba yake alikuwa sajini kutoka kaskazini, mlango wa nne kutoka kwetu kambini. Na Ulaya hajaenda. Anakaa Kibuli, chini ya msikiti, alikuwa mwalimu mkuu."

Dalali akaniangalia kama aliyeokota simu barabarani. Mkwe wangu akaacha mlango.

"Mama," akasema kwa mbali, kwa heshima zake zote, "unaweza kutuonyesha?"

Ningefanya nini? Niseme nimesahau? Mimi? Mdomo ulikwisha kunitangulia.

Dalali akabaki na funguo za gari letu, akampa mkwe wangu za lile la bluu tuende nalo. Akanifungulia mlango. "Panda hapa mbele, nyabo, mama yetu, utafurahi." Mkwe wangu akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Wale mafundi Waganda wakainama kutazama viatu vyao. Ikabidi niitiwe boda boda.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda Kibuli. Mimi mbele kwenye pikipiki, nimekaa upande, goti linaniuma, na gari la mbio nyuma yangu likinifuata. Gari lenyewe liko chini, tumbo linasugua lami. Kila tuta lililivuka kimshazari, polepole, kama bibi harusi anayeshuka ngazi. Ilibidi tulisubiri.

"Jaja," mwenye boda akaniita kama bibi yake, "kuna gari linatufuata tangu Kisenyi."

"Ni la mkwe wangu."

"Ana gari, na wewe uko kwangu?"

"Endesha."

"Na kwa nini yeye hatupiti? Nimempa nafasi mara tatu."

"Ni gari la mbio," nikasema. Akacheka mpaka pikipiki ikayumba, nikampiga begani.

Nyumba niliikuta kama nilivyosimuliwa, vyumba vya wapangaji mbele na yeye nyuma. Mkwe wangu akasimama langoni, mbali, mikono nyuma. Mimi nikabisha. Akatoka mwanamke mnene wa umri wangu, miwani kifuani, mwiko mkononi. Miaka mingi, lakini nilimjua kwa jinsi anavyosimama, mguu mmoja mbele kama askari wa gwaride. Nikamtaja jina.

Akanitazama, akamtazama yule mwanamume langoni, akalitazama gari.

"Huyo alikufa," akasema.

Nikageuka nikamwona mkwe wangu. Alikuwa amesikia. Mabega yalimshuka kama shati lililotoka kwenye kamba. Gari letu ni kama lilikwisha kurudi nyumbani. Nilihitaji neno moja tu, pole, kisha nipande boda niende zangu.

"Alikufa lini?" nikauliza.

"Zamani."

"Alizikwa na nani? Kwa maana mimi mazishi sikosi, na yake sikuyaona."

"Mama, nimekwambia alikufa. Nina maharage motoni."

Sasa mtu unamjua tangu mnagombea bomba la maji, anakusimamia mlangoni pake anakwambia amekufa, tena hakupi hata kiti! Hasira zikanipanda. Nikamtajia jina lake la ubatizo, na la ukoo, na la bibi yake aliyekuja kukaa nao kutoka kijijini, na mwisho lile tulilompa sisi watoto wa kambi siku alipotumbukia kwenye pipa la uji wa polisi.

Mwiko ukaanguka.

"Nyamaza!" akasema. "Wapangaji watasikia!" Kisha akanishika mabega, akanisogeza kwenye mwanga. "Wewe ni wa mlango wa nane. Wewe ndiye uliyenisukuma!"

"Uliteleza."

"Ulinisukuma!"

Tukacheka, tukagonganisha viganja, akaniletea kiti. Akaniambia siku hizi kila anayekuja na jina lake kamili huja na balaa, na balaa lenyewe ni gari hilihili. Aliliuza miguu iliposhindwa na klachi. Tangu hapo simu yake haipumziki. Ujumbe wa faini za barabarani unamwambia amekimbiza gari Masaka, amepita taa nyekundu Jinja, naye yuko hapa anachambua mchele.

"Kwa hiyo ni ninyi mnaolikimbiza?"

"Mimi nimekuja kwa boda," nikasema. "Anayetaka kulikimbiza ni yule pale."

"Mwite basi."

"Hawezi kusogea. Ni mkwe wangu."

Akapiga kofi pajani. "Ninyi Waganda!"

"Mimi si Mganda, baba yangu unamjua."

"Basi umewazidi wenyewe."

Akapaza sauti kuelekea langoni, ile sauti ya mwalimu mkuu. "Wewe kijana! Unajua limetembea kiasi gani?"

"Mita inasema kilomita laki moja na tisini, Madamu!"

"Mita hiyo si yake. Ya kwanza ilikufa, fundi akaweka ya gari jingine. Mimi nilikuwa naenda Gulu, kaskazini kule, kwa mama yangu kila Ijumaa, narudi Jumapili, miaka kumi na moja. Ongeza laki mbili, na bado utakuwa umenionea."

Nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Hapo, nikasema, hapo atazinduka. Mtu gani mwenye watoto watatu atachukua chuma kilichokwenda Gulu na kurudi miaka kumi na moja?

"Laki mbili tena!" mkwe wangu akapaza sauti, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyejibiwa maombi. "Na injini ni ileile?"

"Ileile. Gia ya tatu tu uibembeleze."

"Asante, Madamu! Asante sana!"

Nilitaka kumrushia kile kiti.

Rafiki yangu akavaa miwani. Fomu ya kulitoa jina lake kwenye kadi ikabidi ivuke ua. Mkwe wangu akaiweka chini katikati na jiwe juu yake, akarudi langoni. Mimi nikaenda nikaiokota. Rafiki yangu akatia sahihi polepole, herufi moja moja, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, akabandika picha, akatoa nakala ya kitambulisho. Mimi nikatia jina langu kama shahidi. Kisha nikairudisha chini ya jiwe, mkwe wangu akaja kuichukua. Alipiga magoti palepale kwenye vumbi akanishukuru, suruali ya ofisini na yote. Nikamwambia inuka, watu wanapita. Nikapanda boda yangu nikarudi nyumbani. Lile la bluu likageuka Kisenyi kumalizia mambo, likisugua matuta.

Jioni binti yangu alirudi kutoka Kikuubo, akitembea kwa miguu tangu stendi, na furushi la vitenge kichwani. Alilitua mlangoni. Hakusalimia.

"Amenipigia simu," akasema. "Ameimba. Unajua kwamba ameimba?"

Nikalikanda goti langu.

"Siku mbili, Mama. Jumatano na Alhamisi. Nilikuomba ukae kimya siku mbili tu. Kampala nzima hakuna aliyemjua yule mwanamke. Nzima! Ulilitajia nini jina lake?"

"Walikuwa wanalikosea."

"Wangeendelea kulikosea! Lingekupunguzia nini?"

Akakaa chini juu ya furushi lake, akavua viatu.

"Na Jumatano ijayo kliniki utakwenda na nini?"

"Na boda."

"Na hilo goti?"

"Nalo nitakwenda nalo."